Samaki Hakuulizwa

Samaki wa siku sita hafiki urefu wa punje ya mchele, na mwili wake ni mwangavu kiasi kwamba moyo huonekana ukidunda bila kupasuliwa kifua. Ili apimwe macho, sharti kwanza anyimwe kila kitu kingine. Mheshimiwa alikuwa ameifanya kazi hiyo zaidi ya mara mia tatu, na mkono wake ulikuwa umeacha kutetemeka tangu mara ya hamsini. Alimvuta samaki kwa bomba jembamba, akamdondosha ndani ya tone la jeli vuguvugu katikati ya kisahani, akamweka sawa, mgongo juu, kwa unywele mmoja wa brashi kabla jeli haijaganda. Kisha akashika kisu cha upasuaji na kuikata jeli iliyozunguka macho, kulia kipande, kushoto kipande, vyembamba kama ukucha uliokatwa. Alipomaliza, samaki hakuweza kuogelea, kugeuka wala kukimbia. Aliweza kutazama.

Kisahani kiliwekwa ndani ya pipa dogo lililopakwa mistari myeusi na myeupe upande wa ndani, na pipa likaanza kuzunguka polepole. Jicho la samaki lilishika mstari mmoja, likaufuata hadi mwisho wa nafasi yake, kisha likaruka ghafla kurudi lilikotoka na kushika mstari mwingine. Likafuata, likaruka, likafuata, likaruka. Kamera iliyoning'inia juu iliona yote, na kompyuta ikachora grafu yenye meno kama ya msumeno. Mheshimiwa aligawanya kasi ya jicho kwa kasi ya pipa. Namba ikizidi nusu, aliandika katika safu ya mwisho ya daftari neno moja: anaona. Grafu ikinyooka kama uzi, aliandika: haoni. Katika chumba kile maneno hayo mawili hayakuwa na maana nyingine yoyote.

Jina la Mheshimiwa alipachikwa na fundi wa maabara, mwanamume mwenye kitambi na viatu vya mpira, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha samaki, kuosha matangi na kuwacheka wanafunzi. Katika wiki yake ya kwanza ya uanafunzi mle, binti huyo alisimama mbele ya matangi na kuuliza, kwa Kiswahili cha hotuba, iwapo viumbe wale walikuwa wakihisi maumivu, na kama ndivyo, ni utaratibu gani uliowekwa wa kuyapunguza. Fundi alimsikiliza hadi nukta ya mwisho. Kisha akamwomba Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo la Matangi apokee ndoo. Tangu siku hiyo aliitwa hivyo hata nyumbani kwao, na hata na Profesa, ila Profesa hakuwa akitania. Alikuwa mwanamke ambaye hakuona faida ya kukumbuka jina la mwanafunzi kabla hajatoa matokeo.

Lakini kazi ilimteka Mheshimiwa. Kilichomteka zaidi ni kwamba jicho halikuwa na unafiki. Profesa aliwaambia katika mhadhara wa kwanza kuwa hata binadamu, akizungukwa na mistari inayokwenda, hawezi kuyatuliza macho yake kwa kutaka tu. Yatafuata na kuruka, awe hakimu au mwizi. Mheshimiwa aliyaandika maneno hayo katika shajara yake na kuyapigia mstari mara mbili. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na aliamini kwa dhati kwamba mateso mengi ya dunia hutokana na watu kukosa kipimo kizuri.

Nyumbani kwao palikuwa na mateso ya namna hiyo hasa.

Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa amekaa kwao miezi kumi na mmoja. Alikuja baada ya nyumba yake kuungua na mume wake na binti yake wakiwa ndani. Majirani walimshika mikono asijitupe motoni, kwa hiyo alisimama uani akatazama hadi paa lilipodondoka. Siku ya tatu aliamka akasema haoni. Hospitali walimmulika, wakamtia matone, wakamwandikia karatasi isemayo kuwa macho yote mawili hayana kasoro. Mama yake Mheshimiwa aliihifadhi karatasi hiyo kwenye droo pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Mama hakuwahi kumpigia wifi yake kelele. Alikuwa na njia tulivu zaidi. Alimwekea mezani sahani tupu, akamwambia, "Karibu chakula, wifi," kisha akakaa kumtazama mkono wake unavyozunguka sahani, kingo hadi kingo, ukitafuta. Alimvalisha gauni lililogeuzwa ndani nje siku ya wageni. Alimwonyesha ulimi. Alimtolea kucha mbele ya uso, karibu na kope, akahesabu sekunde aone kama atapepesa. Shangazi akikosea, mama alisema anaigiza vizuri. Asipokosea, akakipata kikombe chake mara ya kwanza, mama alimgeukia mumewe na kuinua nyusi. Baba alikuwa mtu wa kusoma gazeti. Kurasa zake zilikuwa nyingi sana miezi ile.

Hatimaye mama alitaka uamuzi. Nyumba iliyoungua ilibakiwa na vyumba viwili vya nyuma vyenye paa. Kama wifi anaona, alisema, arudi kwake akaishi kama wajane wengine wanavyoishi. Kama haoni, basi atakaa hapa hadi Mungu atakapomchukua, na yeye mama atamwogesha kwa mikono yake na kumwomba radhi. Baba alikunja gazeti akasema hilo ni la haki. Wakaweka Jumamosi kuwa siku ya uamuzi.

Mheshimiwa aliposikia neno haki, moyo ulimdunda. Alikuwa na hakika kuhusu shangazi yake. Alikuwa amemwona akinong'ona na ukuta ili ajue umbali wake. Mtu haigizi jambo hilo akidhani yuko peke yake. Kilichokosekana ni kipimo ambacho hata mama hangeweza kukibishia, na yeye, kati ya watu wote wa mtaa ule, ndiye aliyekijua. Macho ya Shangazi yatatulia tuli mbele ya mistari, grafu itanyooka kama uzi, na mama atalazimika kuomba radhi.

Alimweleza Shangazi Jumatatu jioni, akiwa amepiga magoti karibu na kiti chake. Alimweleza kuhusu pipa, mistari, kufuata na kuruka. Shangazi alimpapasa uso, kuanzia paji hadi kidevu, kama alivyozoea.

"Pima, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye mwenye shule."

Jumanne akatengeneza pipa. Alizungushia ndoo kubwa karatasi ngumu nyeupe, akabandika vipande vya karatasi nyeusi kwa nafasi zilizopimwa kwa rula, akaiweka juu ya kiti cha kuzunguka cha baba. Aliiegesha simu kwenye rundo la vitabu ili irekodi macho kwa karibu. Aliwaita wazazi wote wawili, kwa sababu ukweli unaopatikana kwa siri haumsaidii mtu. Kabla hajaanza, alisimama na kuwaeleza kanuni, kwa Kiswahili kilekile cha hotuba kilichomletea ndoo. Akamalizia kwa sentensi aliyokuwa ameiandaa tangu asubuhi.

"Mdomo unaweza kudanganya. Jicho halidanganyi."

"Umesema vizuri," mama alisema, akavuta kiti karibu.

Shangazi alikaa wima, mikono magotini, uso mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mheshimiwa aliizungusha ndoo kwa kidole, polepole, kuelekea kushoto.

Macho ya Shangazi yalishika mstari. Yakaufuata. Yakaruka kurudi, yakashika mwingine.

Alidhani ameona vibaya. Aliisimamisha ndoo, na macho yakasimama. Aliizungusha kuelekea kulia, na macho yote mawili, kwa pamoja, bila kosa, yakaanza kwenda kulia na kuruka kushoto, kufuata na kuruka, safi kuliko samaki yeyote aliyewahi kumgandisha. Uso wenyewe haukubadilika. Shangazi alikuwa akingoja aambiwe kwamba kipimo kimeanza.

Mama alikuwa ameinama hadi pua yake ikakaribia ya wifi yake. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, tena kwa upole.

"Haya, Mheshimiwa. Tusomee."

Hapo angeweza kusema kuwa chombo ni kibovu, au kwamba ndoo si pipa. Alimtazama baba, ambaye kwa mara ya kwanza mwezi ule hakuwa na gazeti. Akaitazama simu, iliyokuwa imerekodi kila kitu. Alikuwa ameahidi ukweli mbele ya watu, na alijifikiria kuwa mtu asiyeuvunja ukweli kwa sababu umegeuka upande asioupenda. Akasema neno la safu ya mwisho.

"Anaona."

Shangazi aligeuza kichwa kuelekea sauti yake, akikosea kidogo, kulia zaidi ya mahali binti aliposimama. Aliuliza tu kama wamemaliza, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma.

Siku mbili zilizofuata Mheshimiwa hakumsemesha. Alikuwa na hasira ya mtu aliyetapeliwa katika jambo jema. Shangazi alipopapasa mlango, yeye alijiambia: angalia anavyoweza. Alipoomba maji, alimpa bila kumgusa mkono. Mama alimpikia binti yake mayai asubuhi zote mbili, na akaomba video ile aihifadhi katika simu yake pia.

Alhamisi, Profesa alimkabidhi kundi jipya la samaki. Hawa walikuwa wamechomwa kwa mwale wa leza sehemu moja ndogo ya ubongo, iitwayo dari, wiki hiyohiyo. Mheshimiwa aliwagandisha mmoja baada ya mwingine, akawazungushia pipa, akagawanya namba. Sifuri nukta tisa. Sifuri nukta nane tano. Sifuri nukta tisa tena. Aliandika anaona, anaona, anaona, hadi chini ya ukurasa. Kisha akawakwangua kutoka kwenye jeli na kuwarudisha kwenye bakuli lao, akaona kwamba wenzao waliobaki mle walikuwa wamelala ubavu, matumbo yamebonyea ndani kama mifuko iliyomwagwa.

Aliuliza ni nani aliyesahau kuwalisha.

Fundi alikuja na viatu vyake vya mpira, akalichungulia bakuli. "Hapana, Mheshimiwa, usinichongee. Wateja hawa wana chakula tangu juzi. Wanakiogelea."

Ilikuwa kweli. Chini ya hadubini, maji yalijaa vijidudu hai, vinavyoruka na kuzunguka mbele ya midomo ya samaki, vinagusa hata macho yao. Samaki mzima hugeuka, hulenga, hukamata. Hawa hawakugeuka. Kijidudu kilipita mbele ya jicho moja, kikapita mbele ya jicho la pili, kikaenda zake. Samaki alizama polepole huku amezungukwa na shibe. Kwenye daftari, alikuwa anaona.

Alikwenda na daftari hadi mezani kwa Profesa, akamweleza kuwa pana kosa: ama kipimo si sahihi, ama neno si sahihi, kwa kuwa samaki hawa wanaona na hawaoni.

Profesa alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayestahili kuwa na jina. Alimweleza kwamba hakukuwa na kosa lolote. Hayo ndiyo matokeo waliyokuwa wakiyatafuta mwaka mzima. Jicho lina njia yake fupi ya kufuata mistari, na njia hiyo haipiti kwenye ile nyingine inayomjulisha samaki kilicho mbele yake. Ukiichoma hiyo ya pili, ya kwanza huendelea na kazi kama kawaida.

"Lakini tumeandika kwamba samaki anaona."

"Samaki hakuulizwa," Profesa alisema. "Lililoulizwa ni jicho. Jicho limejibu. Wakifa, andika saa."

Mheshimiwa alishika ukingo wa meza. Aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya hotuba, iwapo kwa binadamu inawezekana vilevile. Kwamba mtu ambaye macho yake yanafuata mistari, naye mwenyewe, huko ndani, kweli hapati kitu. Profesa alisema madaktari wameandika habari za watu kama hao, hasa baada ya msiba, na kwamba kwao hakuna kilichochomwa, kwa hiyo samaki hawawezi kumwambia mtu lolote juu yao. Kisha akamuuliza kama ana swali linalohusu kazi.

Hakungoja samaki wafe. Alifika nyumbani akihema, akawakuta wazazi sebuleni, na akasema yote kwa mpigo: njia mbili, dari ya ubongo, vijidudu, madaktari. Alisema alikosea neno. Alichopaswa kusema siku ile ni kwamba macho ya Shangazi yanafuata, basi. Kuona ni jambo jingine ambalo hakulipima na hakuwa na haki ya kulitamka.

Mama alimwacha amalize, akikunja nguo.

"Jumanne jicho halidanganyi," alisema. "Alhamisi linadanganya. Jumamosi litakuwaje, mwanangu? Tungoje?"

"Halikudanganya, Mama. Mimi ndiye niliyelisingizia."

"Umemwonea huruma. Si vibaya. Lakini usituletee samaki hapa."

Alimgeukia baba. Baba alikuwa tayari ameiona video mara nne. Mama alikuwa akimwekea mara mbili kila jioni kabla ya kulala. Alisema kwa taabu kwamba amemlisha dada yake miezi kumi na mmoja, kwamba si suala la chakula, ni suala la kufanywa mjinga katika nyumba yake. Mheshimiwa alimwambia kuwa hakufanywa mjinga. Baba akauliza, bila ukali, aliyesimama pale na kuwafundisha alikuwa nani.

Jumamosi asubuhi aliingia chumbani kumsaidia Shangazi kufunga begi. Nguo zilikuwa chache. Shangazi alikaa kitandani akizikunja kwa vidole, akitafuta pindo. Mheshimiwa alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, aya tatu kamili. Yalipofika kooni aliyaona kuwa yamepangwa vizuri mno, akayameza.

"Hebu niambie," Shangazi alisema. "Siku ile, macho yangu yalikuwa yanatazama nini?"

"Mistari, Shangazi. Myeusi na myeupe."

"Inaenda wapi?"

"Kushoto. Halafu nikaigeuza, ikaenda kulia."

Shangazi aliwaza jambo hilo huku akipiga pasi blauzi kwa kiganja.

"Yamefaidi," alisema mwishowe. "Mimi hayakunialika."

Alicheka kidogo, naye Mheshimiwa akacheka, na kwa dakika ile moja ilionekana kana kwamba kuna kitu kinachoweza kuokolewa.

Baba alikuwa ameshawasha gari. Mama alisimama kivulini, mikono kifuani, na alipomwona binti yake akimwongoza wifi kwa kiwiko alimwamuru amwachie. Mtu mwenye macho yake, alisema, hashikwi mkono kama bibi harusi. Mheshimiwa aliachia. Alijiambia kwamba atatembea hatua moja mbele ya Shangazi na kumwelekeza kwa sauti. Baraza ilikuwa na ngazi tatu za saruji, na miezi yote ile Shangazi hakuwahi kuzishuka peke yake.

Alikuwa tayari amefungua kinywa aseme ngazi. Ni neno fupi.

Hakulisema. Hata baadaye, alipojitafutia udhuru kwa uaminifu wake wote, hakuweza kujidai kuwa alimwogopa mama. Alikuwa amegeuka, na mbele yake palikuwa na uso wa Shangazi katika mwanga mzuri wa asubuhi, macho wazi, na ukingo wa baraza ukimkaribia; na katika kichwa chake kilichozoeshwa mara mia tatu likapita wazo safi kabisa, kwamba hiki sasa ndicho kipimo chenyewe. Hapa mtu mzima ndiye anayeulizwa. Akatulia, akaangalia.

Macho yalishuka hadi kwenye ukingo, yote mawili kwa pamoja. Mguu ulikwenda mbele, bapa, kama unaokanyaga sakafu inayoendelea.

Shangazi alianguka ngazi zote tatu akiwa amekumbatia begi. Mkono wa kushoto ulitangulia, na ulipogonga saruji ulitoa mlio kama wa penseli inayovunjika. Alibaki amekaa mchangani, kiatu kimoja juu ya baraza, akiuliza kwa sauti ya chini ni nani aliye karibu.

"Kajiangusha," mama alisema.

"Hakuiona." Mheshimiwa alikuwa amepiga magoti, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo alichelewa kuisikia. "Mama, hakuiona ngazi. Nina hakika. Nilikuwa naangalia macho yake na mguu wake, nilikuwa hapa hapa mbele yake, mguu haukujua kabisa. Nimeona."

Mama alimtazama.

"Ulikuwa mbele yake," alisema. "Ukiangalia."

Baba alizima gari. Shangazi aligeuza uso kuelekea mahali sauti ya binti ilipotoka, na safari hii hakukosea hata kidogo.

"Ulikuwa hapo, mwanangu?"

Mheshimiwa aliunyoosha mkono na kumgusa bega. Shangazi alijiondoa, taratibu, bila kusukuma. Aliuingiza mkono uliovunjika ndani ya mtandio, akaupapasa mchanga kwa ule mzima hadi akalipata begi. Kisha akamwita kaka yake aje amshike, ampeleke garini, kwa sababu njia ni ndefu na yeye angependa wafike.